Hatima ya Mbudya na Bongoyo Inaamuliwa Jangwani

Tangu nyumba za bondeni zianze kuvunjwa Jangwani, Magomeni Suna, Kigogo na Hananasif, mazungumzo ya jiji la Dar es Salaam kuhusu Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi yamejikita kwenye mambo matatu: nani amelipwa fidia na nani amepunjwa, daraja jipya la Jangwani litamaliza lini adha ya Barabara ya Morogoro kufungwa kila masika, na ardhi itakayoinuliwa kando ya mto itaishia mikononi mwa nani. Ni maswali ya haki, na kila moja linastahili majibu ya wazi kutoka serikalini. Tatizo ni kwamba mradi huu, uliopata mkopo wa Dola za Marekani milioni 200 kutoka Benki ya Dunia pamoja na fedha za Uholanzi na Hispania, unajadiliwa kama jambo la nchi kavu tu. Mto Msimbazi hauishii daraja la Salander. Unamwaga maji yake baharini, na maji hayo yanakwenda mahali.

Mahali penyewe ni visiwani. Nadai kwamba tangu Mbudya, Bongoyo na Pangavini vitengwe kisheria, hakujafanyika uamuzi mzito juu yake kuliko huu unaofanyika sasa bondeni, na kwamba tunaupima mradi kwa kipimo kisichotosha. Tukiridhika kwa kuwa basi la mwendokasi linapita Jangwani mvua ikinyesha, tutakuwa tumepima nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kile kinachotoka mdomoni mwa mto. Nao mjadala wa visiwa vyenyewe, ambao miaka nenda rudi unazunguka kwenye viingilio, wawekezaji na doria, umeanzia mahali pasipo pake.

Kwa wasiovifahamu, visiwa vya Dar es Salaam ni makundi mawili. Kaskazini kuna Bongoyo mbele ya rasi ya Msasani, kisha Pangavini, Mbudya mbele ya Kunduchi, na Fungu Yasini, ambalo ni fungu la mchanga kama jina lake linavyosema. Vinne hivi vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975 chini ya sheria ya uvuvi. Kusini, nje ya mlango wa bandari, kuna Makatumbe mbili, Sinda mbili na Kendwa, ambavyo viliongezwa mwaka 2007. Msimamizi wake ni Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kilichozaliwa na Sheria namba 29 ya mwaka 1994. Kati ya 1975 na 1994 ulinzi ulikuwa wa kwenye makaratasi: tangazo la serikali lilikuwepo, huku baruti zikilipuka juu ya miamba na makokoro yakivutwa kwenye maji ya hifadhi mchana kweupe.

Hivi si visiwa vya watalii wa kigeni peke yao, ingawa kwenye matangazo ndio wanaoonekana. Jumapili na sikukuu, boti za Kunduchi hupakia familia zenye masufuria ya pilau, wanafunzi waliochangishana nauli, vijana wa kwaya, wafanyakazi waliopewa siku ya mapumziko na kampuni. Bongoyo hufikika kwa boti kutoka Slipway. Ukifika unakuta mabanda ya makuti, samaki wa kukaanga na chipsi, vivuli vya mivinje, na kule Mbudya mibuyu mikubwa. Jiji hili lilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na fukwe zake nyingi zimezibwa na kuta za mahoteli na za nyumba za watu. Ukiondoa Coco na vipande vichache vingine, mkazi wa Tandale au Mbagala anayetaka kumwonyesha mtoto wake bahari safi hana pengi pa kwenda. Visiwa ni mali ya umma kwa maana halisi, ndiyo maana ninashikilia kwamba hatima yake isiachwe kuwa suala la wataalamu wa bahari pekee.

Sasa tuingie kwenye kiini. Watu wengi huona kisiwa na mwamba wake kama vitu viwili: kisiwa pa kukaa, mwamba pa kuogelea na miwani. Kwa visiwa vya aina hii, mwamba ndio uliozaa kisiwa. Msingi wa Mbudya na Bongoyo ni mawe ya matumbawe ya kale, yale makali yanayokata miguu ukishuka upande wa nyuma. Mchanga mweupe unaolaliwa na wageni ni matumbawe, makombe na mimea ya chokaa iliyosagika. Sehemu yake imepita tumboni mwa pono, samaki anayekwangua mwamba kwa meno yake mithili ya mdomo wa kasuku, akameza jiwe na kulitoa likiwa mchanga. Ukikaa chini ya maji karibu na kundi la pono unasikia kabisa ule mkwaruzo, na nyuma yao unaona vumbi jeupe likishuka. Mwamba hai hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hutengeneza mchanga wa ufukwe, na huvunja nguvu ya mawimbi yasije kuuchukua. Ukifa, kazi zote mbili husimama. Kwa sababu visiwa hivi vinaikinga bara, wimbi lisilovunjwa Mbudya litakwenda kuvunjika Kunduchi.

Matumbawe ni wanyama wadogo wanaoishi na mwani wa chembe moja ndani ya miili yao, na mwani huo unahitaji mwanga wa jua. Maji yakiwa na tope, mwanga haufiki. Tope likitua, mnyama hutumia nguvu zake kujisafisha badala ya kukua. Kisha kuna mbolea. Majitaka ya binadamu, damu na kinyesi cha machinjioni, maji ya mashamba ya mboga za bondeni, vyote hubeba nitrojeni na fosforasi. Baharini, chakula hicho hustawisha mwani wa aina nyingine, ule unaoota juu ya mwamba, nao hukua upesi kuliko matumbawe. Kama pono na kangaja wapo wengi wataula na mwamba utabaki na nafasi yake. Kama wamevuliwa, mwani hufunika kila kitu, na kiluwiluwi cha tumbawe hakipati jiwe tupu la kushika. Ndiyo sababu uvuvi na majitaka havitenganishiki: kimoja huleta mwani, kingine huondoa mlaji wake.

Angalia basi kinachoshuka kutoka mjini. Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita Vingunguti penye machinjio na mabwawa ya majitaka, hupita viwanda vya Barabara ya Nyerere, hukusanya mifereji ya Buguruni, Tabata, Kigogo na Magomeni, kisha huingia kwenye mikoko ya Salander, ambako sasa Daraja la Tanzanite limepita juu ya bahari. Sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Inatumia vyoo vya shimo na matangi, na kila mwenyeji wa bondeni anajua kinachotokea mvua kubwa ikianza usiku: vyoo vinatapishwa. Mtu anatoboa shimo, mafuriko yanabeba, gharama ya gari la kunyonya imeepukwa. Simlaumu maskini anayefanya hivyo kabla sijawauliza wanaopanga jiji ni njia gani nyingine ya bei nafuu waliyompa. Hata katikati ya mji, penye mabomba tangu zamani, majitaka yamekuwa yakipelekwa kwenye bomba linalomwaga baharini pale Ocean Road bila kusafishwa. Ongeza Mlalakuwa unaotokea pande za Mwenge na Mikocheni, Mto Mbezi na Mto Tegeta, ambayo yote huingia baharini mkabala na visiwa vya kaskazini. Mkondo mkuu wa pwani yetu hukimbia kwenda kaskazini, kwa kasi zaidi wakati wa upepo wa kusi. Mbudya na Bongoyo viko upande ambao maji ya jiji huelekea.

Niliwahi kutembea ufukwe wa Mbudya unaotazama bara mwishoni mwa masika. Juu ya alama ya bamvua palikuwa na mkanda wa uchafu: vizibo vya soda, ndala za mguu mmoja mmoja, vipande vya sponji ya godoro, chupa za dawa, nepi, na katikati yake vijiti vya mikoko na magome ya miti ya bara. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepungua, matokeo ya katazo la Juni 2019, na hilo lanipa imani kwamba amri ya nchi kavu inaweza kuonekana baharini. Lakini uchafu unaoonekana ndio mdogo. Unaokotwa na kuchomwa, au unarudishwa mjini. Nitrojeni haiokotwi, wala tope likishatua juu ya mwamba halifagiliwi.

Hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu si kila kinachotoka mtoni ni adui. Mchanga na tope havina kazi moja. Fukwe za bara, tofauti na za visiwani, zinategemea kwa sehemu mchanga unaoletwa na mito. Wachimbaji walipoyageukia mabonde ya Tegeta na Mbezi kwa ajili ya ujenzi wa jiji, mchanga ulipelekwa kwenye matofali badala ya ufukweni, na Kunduchi ikaanza kuliwa. Hoteli za pale zilijenga kuta za mawe kuingia baharini ili kubakiza kidogo kilichopo, na nyumba zilizokuwa mbali na maji zikajikuta zinapigwa na wimbi. Tunachohitaji ni mto unaobakisha tope na kinyesi juu, huku ukiachia mchanga wake ushuke. Tumefanya kinyume: mchanga tumeuzuia, tope tumeliruhusu.

Na kisiwa kinaweza kuondoka kabisa. Maziwe, karibu na Pangani, kilikuwa kisiwa chenye miti na mahali muhimu pa kasa kutaga mayai. Miti iliondoka, mchanga ukafuata, na leo ni fungu linalofunikwa maji yakijaa. Wenyeji wa Pangani bado wanawasimulia wageni mahali ilipokuwa miti. Maziwe nacho kilitangazwa kuwa eneo tengefu, na tangazo halikushika hata chembe ya mchanga.

Turudi bondeni. Mpango ulioandaliwa kati ya 2018 na 2019, kabla mradi haujapata fedha, ulikuwa mpana kuliko unavyosimuliwa mitaani. Ulitazama bonde lote: juu, misitu na mmomonyoko wa Pugu na Kisarawe, katikati, taka ngumu na mifereji, chini, kuchimba mto, kuinua kingo, daraja, na bustani kubwa ya jiji mahali palipokuwa makazi hatarishi. Ukiusoma hivyo, ni mradi wa bahari hata kama neno bahari halitajwi sana. Lakini kila mradi una sehemu zinazopendwa na sehemu zinazochosha. Daraja linapigwa picha, linazinduliwa, linakatwa utepe. Bwawa la kunasa tope kule juu linahitaji kuzolewa kila mwaka baada ya masika, milele, na hakuna kiongozi anayealikwa kuzindua uzoaji wa tope. Hofu yangu imekaa hapo. Mto uliochimbwa na kunyooshwa chini bila kazi ya juu kufanyika unakuwa bomba la kusafirisha. Maji yaliyozoea kutuama Jangwani na kuangusha mzigo wake kwenye nyumba za watu yatapita kwa kasi na kuangusha mzigo huo baharini. Jangwani kutakauka, na sisi tutapiga makofi, huku mwamba ukipokea tope lote ambalo zamani lilibaki bondeni.

Ninajua majibu matatu ambayo hutolewa mara tu ukisema haya, na hayana uzito sawa.

La kwanza ni kwamba adui wa miamba ni mvuvi. Lina ukweli mwingi. Baruti ziliua sehemu za miamba ya Dar es Salaam kwa miongo kadhaa. Mlipuko mmoja huacha shimo la vifusi, na vifusi vinavyoyumba na wimbi haviruhusu matumbawe mapya kushika. Operesheni za vyombo vya dola kuanzia karibu 2016 zilipunguza milipuko kwa kiwango ambacho wazamiaji waliisikia tofauti kwa masikio yao. Pongezi ni za haki. Ila baruti zilipopungua ndipo kazi iliyobaki ilipoonekana: vifusi havitageuka mwamba kwenye maji ya tope. Tena mvuvi wa Kunduchi anaposikia kila siku kwamba yeye ndiye mharibifu, huku akiona maji ya Mlalakuwa yakiingia baharini yakiwa meusi, unamnyima sababu ya kukuamini siku utakapomwomba asivue kwenye mpaka wa hifadhi.

La pili ndilo zito kuliko yote, na sina jibu la kulimaliza. Joto la bahari lilipausha matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998 na kuua sehemu kubwa yake, likarudi 2016, na mwaka 2024 dunia ilitangaziwa tukio la nne la upaukaji wa kimataifa. Kama bahari inachemka, unaweza kuuliza, majitaka ya Kigogo yana maana gani? Wanasayansi wenyewe hawajakubaliana kwamba maji safi huyaokoa matumbawe siku ya joto kali; joto likizidi, hata miamba ya mbali na watu hufa. Lakini kati ya joto moja na jingine kuna miaka ya kupona, na kupona ndiko kunakohitaji jiwe tupu, mwanga na samaki wanaokula mwani. Dar es Salaam haiwezi kupoza Bahari ya Hindi. Inaweza kuamua kama mwamba uliojeruhiwa utapata nafasi ya kuinuka kabla ya pigo linalofuata. Mwenye mkono mmoja tu wa kutumia hana sababu ya kuufunga.

La tatu, ambalo ndilo linalosikika zaidi kwenye kumbi za mikutano, ni kwamba visiwa vipewe mwekezaji mwenye uwezo: ajenge hoteli ndogo za hadhi, apandishe bei, apunguze watu, fedha zilinde mwamba. Mfano unaotajwa ni Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na ni mfano mzuri kweli. Serikali ya Zanzibar iliutenga mwamba wake mwaka 1994 na kuuweka chini ya usimamizi wa kampuni binafsi isiyolenga faida. Wageni wanalala katika vijumba vichache vinavyovuna maji ya mvua, vyoo havitumii maji, na watoto wa shule huletwa kujifunza. Wazamiaji wa dunia nzima wanausifu mwamba ule. Sina neno baya juu ya Chumbe.

Lakini tazama Chumbe ina nini ambacho Mbudya haina. Hakuna mto wa jiji la watu milioni tano unaomwaga mbele yake, na kwa kuwa iko kusini mwa mji, mkondo wa pwani kwa kawaida hauielekezei uchafu wa mji. Msimamizi wa Chumbe anatawala karibu kila kinachougusa mwamba wake. Mwekezaji wa Mbudya, awe na utajiri wa namna gani, hatakuwa na kauli juu ya choo hata kimoja cha Tandale. Atazungushia kamba ufukwe, atamlipa mlinzi, atapandisha kiingilio hadi mkazi wa kawaida ashindwe, na mvua ya kwanza ya Machi itapita chini ya kamba yake. Tutakuwa tumewatoa watu visiwani na kuuacha uchafu wao uendelee kwenda. Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwenye hesabu za mapato: mkazi aliyewahi kuogelea Mbudya na mwanawe ana sababu ya kuuliza maji ya mto wa mtaani kwake yanakwenda wapi. Aliyefungiwa nje hana. Nani basi atapiga kelele diwani asiposimamia bwawa la tope?

Wanaosema kusafisha maji ya jiji ni ndoto ya nchi tajiri wanapaswa kuitazama Boston, si kwa sababu tufanane nao, bali kwa sababu ya mpangilio wa matukio yao. Bandari ya Boston ilijulikana miaka ya 1980 kama mojawapo ya bandari chafu kuliko zote Marekani. Majitaka na tope lake vilimwagwa humo humo. Hawakuanza na visiwa. Walianza na kesi. Mji jirani wa Quincy ulishtaki mwaka 1982, wanaharakati wakafuata mwaka 1983 katika mahakama ya shirikisho, na Jaji David Mazzone akaweka ratiba ya kazi na kuisimamia mwaka hadi mwaka. Umwagaji wa tope la majitaka bandarini ulikoma Desemba 1991. Mtambo mkubwa wa kusafisha ulijengwa Deer Island, na mwaka 2000 likafunguliwa handaki la karibu kilomita 15 linalotoa maji yaliyosafishwa mbali baharini. Maji yakiwa njiani kupona, mwaka 1996 Bunge la Marekani lilivitangaza visiwa na rasi 34 kuwa eneo la taifa la mapumziko. Spectacle Island, kilichokuwa jalala la jiji hadi 1959, kilifunikwa kwa udongo uliochimbwa kwenye mahandaki ya barabara za Boston na kufunguliwa kwa umma mwaka 2006. Leo mtu anapanda boti katikati ya mji na kwenda kuogelea mahali palipokuwa taka tupu.

Kazi hiyo iligharimu mabilioni ya dola, na sehemu kubwa ililipwa na wateja wa maji kwenye ankara zao. Wakazi walinung'unika kwa haki. Hapa kwetu ankara ya namna hiyo haiwezekani, na sijengi hoja juu yake. Naona badala yake kwamba fedha za Msimbazi tayari zimekopwa, na mlipa kodi atazirudisha iwe mwamba umepona au haujapona. Mradi wa majitaka wa Mbezi Beach chini ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, nao ulibuniwa kwa sababu zake za afya ya umma. Bahari inaweza kufaidika na fedha ambazo zinatumika kwa vyovyote vile, mradi tu kuna mtu aliyepewa kazi ya kuidai faida hiyo.

Deer Island ina habari nyingine ambayo haipaswi kurukwa. Mwaka 1675, wakati wa vita, walowezi wa Kiingereza waliwahamishia huko mamia ya wenyeji wa asili, na wengi walikufa kwa njaa na baridi. Uzuri wa visiwa vile umekaa juu ya historia hiyo. Sifananishi kifo na ubomoaji wa nyumba. Nasema tu kwamba maji safi na bustani nzuri mara nyingi hulipiwa kwanza na wasio na nguvu. Watu wa bonde la Msimbazi wamebeba mafuriko kwa miaka. Yale ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40, na waathirika wengi wakapelekwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao. Sasa wanabeba pia kuhama. Ikiwa bahari itakuwa safi kwa sababu wao wametoka bondeni, fidia yao isihesabiwe kwa thamani ya kibanda cha mabati peke yake. Na wakihamia kwenye mtaa mwingine usio na mtandao wa majitaka, kando ya mto mwingine, tutakuwa tumehamisha tatizo kutoka Msimbazi hadi Tegeta.

Inabaki swali la nani anashika usukani. Kitengo cha Hifadhi za Bahari kina mamlaka ndani ya mipaka ya maeneo tengefu. Mradi wa bonde uko TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, kupitia TARURA, wakala wake wa barabara za vijijini na mijini. Majitaka ni ya DAWASA, taka ngumu ni za halmashauri, uchafuzi kwa jumla ni wa NEMC, baraza la taifa la mazingira, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kila mmoja anaweza kutimiza malengo yake kwenye karatasi na mwamba ukafa. Mwenye kisiwa hana kauli mtoni, na mwenye mto hahesabu matumbawe. Hata visiwa vya kusini, ambavyo Msimbazi hauvigusi sana, vinasubiri hali hiyo hiyo kutoka kwa mito ya Kizinga na Mzinga inayoingilia bandarini, na kutoka Kigamboni, ambako viwanja vinapimwa haraka kuliko mabomba yanavyofukiwa.

Kwa hiyo ningependa kuona mambo machache kabla daraja halijazinduliwa. Kipimo cha tope, nitrojeni na vijidudu vya kinyesi kichukuliwe Salander, Mlalakuwa, Bongoyo na Mbudya, mwaka mzima, masika na kiangazi, na matokeo yabandikwe hadharani mahali ambapo mwananchi anakata tiketi ya boti, yawe mazuri au mabaya. Kitengo cha Hifadhi za Bahari kipewe kiti na kura kwenye usimamizi wa mradi wa bonde, pamoja na wawakilishi wa wavuvi wa Kunduchi na Msasani, ambao wataliona badiliko la maji kabla ya maabara yoyote. Fedha za kuzoa tope kwenye mabwawa ya juu zitengwe kwa jina lake kwenye bajeti ya kila mwaka, zisiachwe ndani ya fungu la matengenezo ambalo hukatwa kwanza. Nacho kiingilio cha Mtanzania visiwani kibaki kile ambacho mama lishe wa Manzese anaweza kukilipa yeye na wanawe, hata kama mpango wa uwekezaji utapita.

Wabunge wa Dar es Salaam wataulizwa mwaka hadi mwaka kuhusu foleni ya Jangwani, na watakuwa na jibu. Wapiga kura wao waanze sasa kuwauliza pia takwimu za Salander.